Nani Hufungua Lango la Proteasomu?

Toleo hili tumeliachia maswali ya proteasomu, ile mashine ya seli inayovunja protini zilizokwisha kazi. Waulizaji wengi hawakuuliza kuhusu visu vyake. Wameuliza kuhusu protini zinazokaa mlangoni na kuamua nani aingie. Humu tutaziita mabawabu.

Mwanafunzi wa biokemia, Morogoro: *Kitabu kimoja kinasema proteasomu ya 20S ndiyo inayokata protini. Kingine kinasema 20S ikiwa peke yake haifanyi karibu chochote. Nishike lipi?*

Shika yote mawili. Visu vimo ndani ya 20S, ila mlango wake umefungwa.

20S ni pipa lenye urefu wa nanomita 15 na upana wa nanomita 11 hivi. Limejengwa kwa pete nne zilizobebana, kila pete ina vipande 7, kwa hiyo jumla ni vipande 28. Pete mbili za nje ni za alfa, mbili za katikati ni za beta. Katika kila pete ya beta, vipande vitatu tu ndivyo vyenye makali. Beta 1 hukata baada ya asidi amino (viungo vinavyojenga protini) zenye chaji hasi, beta 2 baada ya zenye chaji chanya, na beta 5 baada ya zile kubwa zinazokimbia maji. Makali yote 6 yanatazama ndani, kwenye chumba cha katikati, ndiyo maana seli haijitafuni yenyewe.

Kila upande wa pipa una lango moja, katikati ya pete ya alfa. Mikia ya mwanzo ya vipande vya alfa hukutana hapo na kusukana kama ukili, na mkia wa alfa 3 ndio komeo. Mwaka 2000 watafiti waliukata mkia huo mmoja katika proteasomu ya hamira, na lango likabaki wazi: peptidi, yaani vipande vifupi vya protini, zikaingia bila kusubiri bawabu.

Mabawabu wote hufanya kazi juu ya pete hiyo ya alfa. Wakubwa ni watatu: 19S, PA28 (vitabu vya zamani huiita 11S) na PA200. Pipa lina ncha mbili, kwa hiyo linaweza kuwa na 19S upande mmoja na PA28 upande wa pili, na mapipa ya namna hiyo yapo kweli ndani ya seli. Ukisoma mahali kwamba "proteasomu imeongezeka kasi", jiulize kwanza: kwa bawabu yupi, na ilipewa chakula gani, peptidi au protini nzima? Sehemu kubwa ya maswali yaliyobaki inajibiwa na hayo mawili.

Mwalimu wa biolojia wa kidato cha sita, Tanga: *Wanafunzi wangu wanajua kwamba protini ikiwekwa alama ya ubikwitini inavunjwa. Hawaelewi 19S ina vipande vingi vya nini. Nifundishe hatua gani na gani?*

Mwalimu, vipande ni 19 hivi, na usiwape wanafunzi orodha. Wape safari ya protini moja, kila kipande kitajitaja mahali pake.

Safari inaanzia kwenye alama. Ubikwitini ni protini ndogo ya asidi amino 76, na ugunduzi wa mfumo wake uliwapa Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Alama ya kuvunjwa inayofundishwa zaidi ni mnyororo wa ubikwitini nne au zaidi zilizounganishwa kupitia laisini (asidi amino mojawapo) ya 48. Mnyororo huo hupokelewa na vipande vitatu vya 19S: Rpn1, Rpn10 na Rpn13. Wapokeaji watatu si anasa. Minyororo huja kwa urefu na mkao tofauti, na mmoja akikosa kushika, mwingine hushika.

Hapa ndipo masomo mengi hukatika mapema mno. Kushikwa si kuvunjwa. Protini lazima iwe na sehemu iliyolegea, isiyokunjwa, yenye asidi amino kama 25 au 30, ili injini ipate pa kuikamata. Injini yenyewe ni pete ya vipande sita, Rpt1 hadi Rpt6, inayochoma ATP, nishati ya seli. Ndani ya tundu lake kuna vitanzi vyenye asidi amino pana, na vipande sita hujipanga kwa ngazi: aliye juu hushika mnyororo, wote hushuka hatua, aliyefika chini huachia na kurudi juu. Protini iliyokunjika huvutwa mpaka inakunjuka, kwa sababu tundu ni jembamba na haliwezi kupitisha fundo.

Ubikwitini nayo haitakiwi kuingia, maana seli huitumia tena. Rpn11, kimeng'enya chenye zinki, kimekaa juu kabisa ya mdomo wa tundu. Injini inapovuta, shina la mnyororo hufika mbele yake, naye hulikata kwa mkato mmoja na kuachia mnyororo wote. Angalia mpangilio ulivyo wa busara: mkato unasubiri mvuto. Protini ambayo haijaanza kuingia haivuliwi alama. Mzuie Rpn11, kwa mfano kwa kemikali inayonyakua zinki kama fenanthrolini, na fundo la ubikwitini litakwama mdomoni na kuziba mashine.

Kuna wakataji wengine wawili wanaokuja na kuondoka, USP14 na UCH37. USP14 hukaa juu ya Rpn1 na anaweza kupunguza ubikwitini kabla injini haijashika, na hapo protini hupata nafasi ya kuponyoka. Ni kama karani anayeweza kulifuta jina lako kwenye orodha kabla hujaitwa.

Mwisho ni lango. Rpt2, Rpt3 na Rpt5 zina alama moja katika ncha zao za mwisho: asidi amino inayokimbia maji, kisha tairosini, kisha yoyote. Mikia hiyo huingia kama funguo kwenye vifuko vilivyo kati ya vipande vya alfa. Waeleze wanafunzi jambo linaloshangaza kidogo: pete ya Rpt ina vipande sita na pete ya alfa ina saba, kwa hiyo haziwezi kukaana sawasawa, na kifuko kimoja hubaki bila mwenzi. Picha za hadubini ya elektroni ya baridi kali zinaonyesha kwamba funguo tatu hizo hushikilia tu. Lango hufunguka kamili mikia ya Rpt1 na Rpt6 nayo inapoingia.

Vipande vilivyobaki, vile vya kifuniko, sehemu ya juu ya 19S, kama Rpn3, 5, 6, 7, 8, 9 na 12, ni mihimili zaidi kuliko wafanyakazi. Rpn6 huinama kando ya injini na kugusa pete ya alfa, kama gongo linalozuia kofia, yaani 19S, isianguke. Wafundishwe kwa sentensi hiyo moja, inatosha.

Mtafiti mwanafunzi, Nairobi: *Nimeongeza PA28 kwenye 20S safi. Peptidi inayotoa mng'ao ilikatwa kwa kasi mara nyingi zaidi. Lakini nilipoweka protini yenye mnyororo wa ubikwitini, haikupungua kabisa hata baada ya saa mbili. Nimeharibu nini?*

Hujaharibu kitu. Umepata jibu sahihi.

PA28 ni pete ya vipande saba, kwa kawaida vinne vya alfa na vitatu vya beta (usizichanganye na alfa na beta za pipa). Haina injini, haichomi ATP, haina mpokeaji wa ubikwitini. Inafungua lango tu. Peptidi fupi hupenya zenyewe, lakini protini iliyokunjika itagonga mlango uliofunguliwa na kubaki nje, kama kabati kubwa mbele ya mlango wa chumba. Kwa hiyo ongezeko lako la kasi linapima upana wa lango, halipimi uwezo wa kuvunja protini.

Namna yake ya kufungua pia ni tofauti na ya 19S. Mikia ya PA28 huingia kwenye vifuko vilevile vya pete ya alfa, ila kazi yake ni kushikilia. Kinachofungua ni kitanzi kilicho mwilini mwa kila kipande, kinachosukuma prolini ya 17 katika vipande vya alfa na kulipanua duara la lango. Mambo haya mawili yanatenganishwa vizuri na badiliko moja: katika PA28 alfa, ukiweka tairosini mahali pa asparajini ya 146, pete inashika 20S kama kawaida lakini lango halifunguki. Pete hiyo iliyobadilishwa inakufaa sana kama kidhibiti. Ikileta ongezeko la kasi, basi kuna kitu kingine kwenye tyubu yako.

Mambo matatu ya kuangalia upande wa PA28. Kwanza chumvi: mshiko wake kwenye 20S ni dhaifu, na milimola 150 au zaidi ya chumvi ya kawaida inaweza kuubandua, kwa hiyo pima katika chumvi ndogo kadiri unavyoweza. Pili, hakikisha 20S yako haikufunguka tayari. SDS (sabuni kali) iliyobaki, au kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara, huacha lango nusu wazi, na PA28 itaonekana haina nguvu. Tatu, usichanganye PA28 alfa na beta na ndugu yao PA28 gama. Huyo hukaa kwenye kiini cha seli, hujenga pete ya peke yake, na anahusishwa na kuvunjwa kwa protini chache zisizohitaji ubikwitini, kama p21.

Kama swali lako ni kinga ya mwili, hapo PA28 ina maana yake. Interferoni gama, ishara ya kinga ya mwili, huongeza PA28 alfa na beta pamoja na visu vya badala, beta 1i, 2i na 5i. Vipande vinavyotoka hubadilika, na baadhi huishia kuonyeshwa kwa seli T za kinga juu ya seli iliyoambukizwa.

Fundi wa maabara, Kampala: *Tunapima proteasomu ya 26S kutoka kwenye seli. Asubuhi kipimo kipo, mchana kimekwisha. Tufanye nini?*

Karibu kila mara tatizo hili ni ATP. 26S ni 20S iliyovaa 19S, na kinachowaunganisha ni ATP pamoja na magnesiamu. Ikiisha, 19S hubanduka na unabaki na pipa lililofungwa.

Bafa inayofaa: Tris milimola 50 yenye pH 7.5, magnesiamu kloridi milimola 5, ATP milimola 2, DTT milimola 1, gliseroli asilimia 10. Usiweke EDTA, maana inanyakua magnesiamu. Usiweke SDS wala sabuni kali. Angalia pia mchanganyiko wa vizuizi vya protea (vimeng'enya vinavyokata protini) unaonunuliwa tayari: mingi ina leupeptini, nayo huzuia beta 2, kisha unashangaa kwa nini ukataji wa aina hiyo umepotea.

Kosa linalotuchosha zaidi ni hili: mmumunyo wa ATP ukitengenezwa kwa maji matupu ni asidi. Usiporekebisha kwa sodiamu hidroksidi mpaka pH 7, unaishusha pH ya bafa yote bila kujua.

Vunja seli kwa upole kwenye barafu, zungusha kwa 16,000 g kwa dakika 15 kwa nyuzi 4, kisha pima siku hiyohiyo. Weka mikrogramu 10 hadi 20 za protini katika mikrolita 100, ongeza Suc-LLVY-AMC (peptidi inayotoa mng'ao ikikatwa) mpaka mikromola 100, pasha kwa nyuzi 37, na soma kila dakika kwa nusu saa, ukiangaza kwa nanomita 380 na kupokea kwa 460. Tumia mwinuko wa mwanzo tu, pale mstari ulipo mnyoofu. Seli zina vimeng'enya vingi vinavyokula ATP, kwa hiyo kipimo kinachozidi nusu saa kinahitaji kreatini fosfati milimola 10 na kreatini kinase ili ATP iendelee kujazwa.

Kila sampuli iwe na pacha wake mwenye kizuizi, kisha toa kipimo cha pacha kwenye kile cha sampuli. MG132 mikromola 20 ni rahisi kupatikana lakini huzuia pia kalpaini na kathepsini, wakataji wengine wa protini ndani ya seli, hivyo hukupa tofauti kubwa kuliko ukweli. Epoksomisini ni safi zaidi, ukiweza kuimudu.

Ukitaka kujua kama 19S imebanduka kweli, usibahatishe kwa sahani. Endesha jeli isiyovunja protini, ya asilimia 3.5 hadi 4, yenye ATP na magnesiamu ndani ya jeli na ndani ya bafa, kwenye ubaridi. Iloweke kwenye peptidi ileile dakika 15 hadi 30 kwa nyuzi 37 na uiangalie kwa mwanga wa urujuanimno. Utaona 26S yenye kofia mbili juu, yenye kofia moja chini yake. 20S haitaonekana mpaka uongeze SDS asilimia 0.02, inayolegeza lango. Piga picha kabla na baada. Ukipitisha 0.05 unaanza kuua pipa lenyewe. Na kama bafa yako ina potasiamu badala ya sodiamu, SDS itaganda kuwa chembe nyeupe na 20S itaendelea kujificha.

Msomaji, Zanzibar: *PA200 na PI31 zinatajwa kwa mstari mmoja tu kila mahali. Zina kazi gani?*

PA200 ni mnyororo mmoja mkubwa, uzito wa kilodaltoni 200 hivi, uliojikunja kama kuba juu ya pete ya alfa. Haichomi ATP. Kazi yake iliyothibitika vizuri iko kwenye korodani: mbegu za kiume zinapokomaa, histoni nyingi (protini ambazo DNA huzungushiwa) huondolewa ili DNA ifungashwe upya, na PA200 husaidia kuvunja histoni zilizowekewa asetili (alama ndogo ya kikemia), bila ubikwitini. Katika hamira ndugu yake ni Blm10.

PI31 ilipewa jina la kizuizi kwa sababu kwenye tyubu inazuia 20S. Muundo wa ndugu yake wa hamira, Fub1, ulionyesha namna: mkia wake huingia mpaka ndani ya chumba na kuziba aina zote tatu za visu, wenyewe usikatwe. Ndani ya neva, hata hivyo, PI31 imeonekana ikifanya kazi ya uchukuzi, ikiunganisha proteasomu na mota zinazosafirisha mizigo. Kuihukumu kwa jina lake ni kosa.

Daktari wa mifugo, Arusha: *Kwa nini michoro ya vitabu kuhusu kufunguka kwa proteasomu inaonyesha protini ya kimelea cha malale?*

Kwa sababu ilikubali kutengeneza fuwele. PA26 hutoka kwa Trypanosoma brucei, kimelea kinachobebwa na mbung'o, na inafanana kwa umbo na PA28 ingawa mpangilio wa asidi amino zao haufanani sana. Ni pete ya vipande saba vilivyo sawa, rahisi kutengenezwa kwa bakteria. Mwaka 2000 ilipigwa picha ikiwa juu ya 20S ya hamira, mchanganyiko wa viumbe wawili wasiokutana kamwe, na hapo ndipo lango lililofunguka lilionekana kwa mara ya kwanza kwa undani.

Kwa upande wa tiba, proteasomu ya vimelea hivyo imetafutiwa dawa, lakini si kupitia PA26. GNF6702, iliyotangazwa mwaka 2016, hushika kifuko kati ya beta 4 na beta 5 ya vimelea, na haigusi proteasomu ya binadamu kwa kiwango hicho. Iliponya panya wenye malale, ugonjwa wa Chagas na leishmania. Dawa ya ukoo huo, LXE408, imefikishwa kwenye majaribio ya wagonjwa wa kala-azar (aina ya leishmania) nchini Ethiopia na India. Kwa malaria kuna habari inayogusa bawabu moja kwa moja: Plasmodium falciparum ina PA28 yake, na vimelea vilivyonyang'anywa PA28 hiyo vimeonekana kuumizwa zaidi na dihidroatemisini, dawa ya malaria.

Msomaji, Muscat: *Mama yangu anatibiwa mieloma kwa bortezomib. Kwa nini anachomwa mara mbili kwa wiki na si kila siku? Na kwa nini dawa huweza kuacha kufanya kazi?*

Pole kwa kuuguza. Bortezomib, dawa inayozuia proteasomu, hushika kisu cha beta 5 kisha hukiachia polepole, na proteasomu hurudi karibu kawaida ndani ya saa 72. Ndiyo sababu kati ya sindano mbili huachwa saa 72 zisizopungua, na ratiba ya kawaida ni siku ya 1, 4, 8 na 11 kisha mapumziko mpaka siku ya 21. Seli za mieloma, saratani ya seli zinazotengeneza kingamwili, hutengeneza kingamwili kwa wingi mno, hivyo taka za protini huzilemea mapema. Seli zenye afya hupewa muda wa kusafisha.

Seli nazo hujibu. Kuna protini, Nrf1, ambayo kwa kawaida ikishatengenezwa huvunjwa papo hapo na proteasomu. Proteasomu ikizuiwa, Nrf1 haivunjwi, hukatwa na kimeng'enya DDI2, huingia kwenye kiini na kuamuru vipande vipya vya proteasomu vitengenezwe, visu na mabawabu pamoja. Njia nyingine ya ukaidi iliyoonekana maabara ni ya kushangaza: seli zinazopunguza kiasi kidogo vipande vya 19S huvumilia dawa vizuri zaidi.

Nyumbani kuna jambo la kuangalia. Kemikali ya chai ya kijani, EGCG, hunasa boroni ya bortezomib na kuizima, na vitamini C kwa dozi kubwa nayo imeonekana kuipunguza nguvu katika majaribio. Asinywe chai ya kijani wala vidonge vyake bila kumuuliza daktari wake. Chai ya rangi ya kawaida si hiyo inayozungumzwa hapa. Akianza kuhisi ganzi au kuungua kwenye nyayo na vidole, aseme mapema, kwa kuwa dozi inaweza kupunguzwa kabla neva hazijaumia zaidi. Upele wa malengelenge upande mmoja wa mwili ni dalili ya mkanda wa jeshi, unaoongezeka kwa watumiaji wa dawa hii, na wengi hupewa asaiklovia ya kuuzuia. Muulizeni daktari kama imo kwenye orodha yake.